Boti Inatazama Mbinguni: Bawa, Vibao vya Trimu, au Pini Tu?

Kijana mmoja alinifuata ufukweni Kilindoni, Mafia, na bawa jipya mkononi, bado limo ndani ya nailoni yake. "Fundi, nifungie hili. Boti yangu ukiipa moto inatazama mbinguni." Boti yenyewe ni ya faiba, futi 18, mashine ya nguvu za farasi 40 ya kushika kwa mkono. Nikamwambia, "Bwana mdogo, hilo liweke pembeni kwanza. Twende tukaione ikitembea."

Tukatoka nayo. Kweli, omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, ilipanda mpaka nikawa sioni kisiwa wala nyavu za watu mbele, na ikakataa kushuka. Tuliporudi kwenye mchanga nikapiga sakafu kwa kisigino, nikajibiwa na mlio mzito, kama kupiga mtungi uliojaa. Nikatoboa tundu chini kabisa ya ubao wa tezi, ule wa nyuma unaobeba mashine. Maji yakaruka. Tukakinga ndoo za lita 20, na zilifika kumi na moja kabla ya maji kugeuka matone. Lita 220 ni zaidi ya kilo 220: abiria watatu wazima wamelala tezini, chini ya sakafu, na hata nauli hawalipi.

Tangu siku hiyo mtu akiniletea bawa ninamuuliza kwanza. Boti inafanya nini hasa? Ikiwa na nani ndani na wamekaa wapi? Kwa mwendo gani? Upepo unatoka upande upi? Majibu ya maswali haya ndiyo yanayosema ununue nini, na mara nyingi yanasema usinunue kitu.

Vitu vyenyewe

Haidrofoili, ambayo hapa nitaiita bawa, ni bamba la plastiki ngumu au alumini linalofungwa kwenye mguu wa mashine, juu ya propela, kwenye lile bamba la asili ambalo waogeleaji hupenda kulikanyaga wakipanda. Likikata maji linainua tezi, na tezi ikiinuka omo inashuka. Vibao vya trimu havigusi mashine. Ni bamba mbili za chuma cha pua zinazofungwa kwa bawaba chini ya ubao wa tezi, moja kushoto na moja kulia. Kibao kikiteremshwa, maji yanayotoka chini ya boti yanakisukuma juu, na kona ile ya boti inainuka. Bawa ni moja na liko katikati. Vibao ni viwili na viko pembeni. Kumbuka hilo, maana uamuzi mwingi tutakaoufikia unatoka hapo.

Ukiagiza dukani, eleza kwa mkono au onyesha picha, usitaje jina tu. Kuna pezi dogo la zinki chini ya bamba la mguu, juu kidogo ya propela, nalo kwenye vitabu vya vipuri linaitwa jina lilelile la kibao cha trimu. Nimeona mtu amesubiri mzigo wiki tatu kutoka Dar es Salaam, akafungua boksi akakuta kipande cha zinki kinachojaa kiganjani.

Omo inapanda na haitaki kushuka

Kila boti huinua omo wakati wa kuondoka, hiyo si kasoro. Boti nyepesi ya futi 16 hadi 20 yenye mashine inayoitosha inapaswa kujilaza na kuanza kuteleza juu ya maji ndani ya sekunde chache. Ukihesabu mpaka 15 na bado unatazama mawingu, kuna jambo.

Anza na uzito, kwa sababu kuuhamisha ni bure. Madumu matatu ya lita 20 ya petroli ni kilo 45 hivi, betri kilo 20, nanga na mnyororo wake, boksi la barafu, na nahodha mwenyewe ambaye kwa mashine ya mkono hana pa kukaa ila tezini. Vyote hivyo viko nyuma, halafu tunashangaa. Wazee wa majahazi walijua farumi, ule uzito wa kutulizia chombo, inavyopangwa. Sisi tulipopata mashine tukaona yamepitwa na wakati. Peleka madumu na nanga mbele, waombe abiria wawili wahamie benchi la mbele, ujaribu tena. Kama omo imeshuka vizuri, ugonjwa umeujua. Kama mashine ya mkono inakulazimisha kukaa nyuma kabisa, kirefusho cha mkono huo ni bei ndogo kuliko bawa.

Halafu kagua maji ya ndani. Ngama, pale chini maji yanapokusanyika, ikiwa kavu haitoshi kukutuliza, maana boti nyingi za faiba zina povu au uwazi chini ya sakafu, na povu likishaloa halikauki kwa jua la siku moja. Piga sakafu, sikiliza. Pima boti imezama kiasi gani tezini ikiwa tupu, ulinganishe na alama ya zamani ya uchafu kwenye rangi.

Tatu, pini. Mashine nyingi ndogo za kushika mkono hazina trimu ya umeme, yaani kitufe cha kuusogeza mguu ndani au nje. Zina pini ya chuma inayopita kwenye matundu ya kile kishikio kinachobana ubao wa tezi, na mguu wa mashine unaegemea pini hiyo. Ukiihamishia tundu la karibu na boti, mguu unaingia ndani na omo inashuka. Ukiipeleka nje, omo inapanda. Nimekuta pini ambazo hazijachomolewa tangu mashine itoke dukani, zimeshikwa na chumvi hadi zinahitaji nyundo. Sogeza tundu moja kwa wakati, kwa mzigo uleule, mahali palepale. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, hutajua kilichokusaidia.

Ikiwa pini iko tundu la ndani kabisa na omo bado iko juu, huenda aliyejenga boti aliusimamisha ubao wa tezi wima mno. Hapo kabari hufanya kazi: vipande viwili vya mbao ngumu au plastiki nzito vilivyochongwa kwa mwinamo wa digrii 5 hivi, vikawekwa kati ya kishikio cha mashine na ubao, upande mnene ukiwa juu, na bolti zikabadilishwa kwa ndefu zaidi. Mguu unaingia ndani kwa digrii hizohizo.

Nne ni propela. Ikiwa mashine inalia kama imebebeshwa gunia na haifiki mizunguko yake, boti haiwezi kujiinua. Kitabu cha mashine kinaeleza kiwango chake kwa gesi yote. Kwa nyingi za rika la 40 ni kama 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, ikishuka inchi moja, mizunguko hupanda kwa 150 mpaka 200. Kwa hiyo boti ya mizigo inayoishia 4,200 inaweza kutibiwa kwa propela yenye pichi ndogo kwa inchi mbili. Propela ya panga nne nayo hunyanyua tezi zaidi kidogo kuliko ya panga tatu. Mimi binafsi, kati ya propela sahihi na bawa, hununua propela.

Umepita yote hayo na boti bado inachelewa? Sasa bawa lina kazi. Na kwa boti ya mashine moja isiyo na betri, ambayo haina shida ya kulala upande, bawa ndilo jibu langu la kwanza: nafuu, saa moja ya kufunga, na linaisaidia boti kuendelea kuteleza kwa mwendo mdogo, jambo ambalo wakati wa kusi, upepo wa kusini, lina thamani kuliko kasi. Nani anakimbia fundo 25 mwezi wa saba? Ila usitegemee likuongezee mwendo wa juu. Mara nyingi linaupunguza kidogo, kwa sababu ni kitu kingine cha kuburuta.

Inadunda kama mpira

Hii ni tofauti na ya kwanza, ingawa watu huzichanganya. Boti imeshaanza kuteleza, bahari ni shwari, halafu omo inaanza kupanda na kushuka yenyewe, pa, pa, pa, kwa mapigo yaliyo sawasawa. Sababu ni kwamba omo imeinuliwa mno: sehemu ya tumbo inayobeba boti inarudi nyuma, uzito wa mbele unabaki hauna kitu chini yake, omo inaanguka, inabebwa, inainuliwa tena.

Pini ndani tundu moja. Nusu ya boti zinazodunda nilizozigusa zilipona hapo hapo. Kwa mashine yenye kitufe cha trimu, bonyeza ndani mpaka kudunda kuishe. Kama dawa hiyo haikutosha, hamisha uzito mbele.

Ikikataa, ipandishe nchi kavu na utafute bomba la alumini lililonyooka, refu kama mita moja na nusu. Liweke chini ya tumbo, sambamba na mkuku, ule uti wa chini wa boti, likianzia ukingo wa ubao wa tezi. Ukiona bomba linagusa katikati na mwanga unapita kwenye ncha, tumbo limevimba kama ndizi, na boti ya namna hiyo itadunda daima. Ikiwa mwanga uko katikati, tumbo limebonyea. Hiyo itakuwa inabonyeza omo chini badala ya kudunda. Boti zilizotolewa kwenye kalibu kabla faiba haijakauka vizuri, au zilizokaa miaka juu ya magogo mawili tu, ndizo hasa. Fundi faiba anaweza kunyoosha, lakini ni kazi ya wiki. Asiyetaka gharama hiyo, vibao vya trimu huificha kasoro vizuri kuliko bawa, kwa kuwa vinasukuma tumbo lenyewe pale lilipoharibika.

Inalala upande mmoja

Hapa bawa halina msaada wowote. Liko katikati, linainua tezi nzima sawasawa, kulia na kushoto. Mtu anayekuuzia bawa kwa boti inayolala upande anakuuzia plastiki.

Kabla ya vibao, tazama upande unaolala na saa unapolala. Ikilala ikiwa imesimama, ni mzigo: tangi, betri, au maji yaliyonaswa upande mmoja. Ikilala kushoto tu ikiwa mbioni, inaweza kuwa propela: nyingi huzunguka kulia ukizitazama kwa nyuma, na nguvu hiyo huizungusha boti kinyume, upande wa kushoto ukashuka. Ndiyo maana boti nyingi zenye usukani wa gurudumu zimewekewa kiti cha nahodha kulia.

Ya tatu ndiyo inayowasumbua watu wetu zaidi, na wengi huielewa kinyume. Toka Nyamisati, kule bara, uje Mafia wakati wa kusi: upepo unakupiga kulia. Ungedhani boti italala kushoto, upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, kama jahazi. La. Boti ya mashine yenye tumbo la V hulalia upepo. Upepo unaisukuma omo kando, nahodha anarudisha kwa kukata kidogo kuelekea upepo, na boti inalala kama inayopiga kona, ndefu, isiyokwisha. Matokeo yake abiria wa kulia wanaoga njia nzima, na tumbo linapiga mawimbi kwa ubavu wake bapa badala ya makali ya V. Ukiwahamishia abiria kushoto nafuu inapatikana, lakini nani atakubali kubadilishana viti katikati ya mkondo?

Hii ndiyo kazi halisi ya vibao. Unateremsha cha kulia kidogo, kona ya kulia inainuka, boti inakaa sawa, na maji yanarushwa chini na mbali. Kwa boti ya abiria ambao hujui watakaa wapi leo, au inayovuka upepo kila siku, sioni sababu ya kuhangaika na bawa. Nunua vibao.

Ukubwa wa vibao na pa kuvifunga

Kanuni ya zamani ya watengenezaji ni inchi moja ya upana wa kibao kwa kila futi ya boti, kila upande. Futi 18, vibao vya inchi 18, na urefu wa kwenda nyuma inchi 9. Chukua tepu. Tuseme ubao wa tezi una inchi 66 kwa chini: nusu yake 33. Toa inchi 4 kutoka ukingo wa nje, ili kibao kisitoe ncha kwenye kona. Toa nyingine 9 kutoka katikati, ili maji yake yasivuruge yale yanayokwenda kwenye propela. Zinabaki 20, na kibao cha 18 kinaingia. Pakiwa finyu, chukua chembamba chenye urefu wa inchi 12.

Vya umeme au vya haidroliki vinataka betri ya volti 12 yenye kuchajiwa. Mashine yako ni ya kuvuta kamba na haina chaji? Basi kuna aina inayosukumwa na shoki ya gesi, kama zile za mlango wa nyuma wa gari: kwa mwendo mdogo shoki inakibonyeza kibao chini, kasi ikipanda maji yanakisukuma kirudi juu. Kwa omo inayopanda na kwa kudunda ni nzuri sana. Kwa kulala upande hutaziamuru chochote, kwa hiyo usizinunue kwa ajili ya hilo.

Kabla ya kutoboa, gonga ubao wa tezi wote kwa sarafu. Mlio mkavu, endelea. Mlio wa mfu, mbao ya ndani imeoza, na skrubu zitashika unga. Kila tundu lililo chini ya maji lizibwe kwa gundi ya polyuritheni ya baharini. Silikoni ya madirishani haishiki chini ya maji kwa muda mrefu, hata muuzaji akiapa. Na boti ikilala majini, kila kibao kipewe kipande chake cha zinki.

Kwa bawa, mambo ni machache. Toboa baada ya kupima mara tatu, kwa kuwa bamba la mguu halirudi. Paka grisi ya baharini kwenye bolti za chuma cha pua, la sivyo zitaila alumini. Mashine ikiwa bado na warantii, uliza kwanza kama matundu hayo yataivunja. Kuna mabawa ya kubana bila kutoboa.

Mashine inapiga kelele ghafla na boti haiendi

Mizunguko inaruka juu, mwendo unashuka, hasa kwenye kona au wimbi likipita. Propela inavuta hewa. Pima kimo: boti ikiwa nchi kavu na mguu umesimama wima, bamba la mguu linapaswa kulingana na mkuku, au kupishana nao kwa inchi moja hivi. Mashine ya mguu mfupi, inchi 15, iliyofungwa kwenye ubao wa inchi 20 haitashika maji kamwe. Tazama pia kilicho mbele ya propela: kifaa cha kupimia kina, kipande cha mkuku kilichovunjika, hata kamba. Na propela yenyewe kama ina meno. Bawa linaweza kupunguza hewa inayoingia kwenye kona, lakini mashine iliyofungwa juu mno ishushwe.

Usukani unavuta

Mkono unauma kwa kuvuta upande mmoja, ingawa boti imekaa sawa. Hilo ni lile pezi la zinki nililotaja. Boti ikivutwa kulia, legeza bolti yake na uisogeze ncha ya nyuma kulia kidogo. Ikivutwa kushoto, kushoto. Usilipake rangi, litaacha kuilinda mashine.

Umefunga, na sasa kuna shida mpya

Omo inachimba maji na boti inataka kugeuka yenyewe: umezidisha. Vibao juu kidogo, au kama ni bawa, pini nje tundu moja, kwa sababu ile ya ndani uliyoiweka zamani sasa haihitajiki tena.

Mwendo umepungua sana baada ya kufunga bawa: lichungulie boti ikiteleza. Likiwa limezama mno, linaburuta. Pandisha mashine tundu moja la bolti ikiwa propela bado inashika.

Unabonyeza kitufe na boti inafanya kinyume: usikimbilie nyaya. Vitufe vingi vimepangwa kwa kile omo inachofanya. Ukibonyeza cha kushoto kwa "omo chini", kinachoteremka ni kibao cha kulia, kwa kuwa kuinua tezi ya kulia ndiko kunakoshusha omo ya kushoto. Ijaribu boti ikiwa mchangani, mtu mmoja abonyeze na mwingine atazame nyuma. Kibao cha kushoto kikiteremka kwa kitufe cha kushoto, hapo ndipo nyaya zimepishana.

Na kuna hili la mawimbi ya nyuma. Ukirudi huku kusi linakusukuma, boti inashuka mgongo wa wimbi na omo inataka kujichomeka kwenye wimbi la mbele. Tezi ikiwa imeinuliwa wakati huo, chombo kinaweza kugeuka ubavu na kupindukia. Mwenye vibao avipandishe vyote juu kabisa kabla hajageuza. Bawa haliwezi kupandishwa baharini, kwa hiyo mwenye nalo apeleke pini nje tundu moja kabla ya kutoka, awarudishe abiria nyuma, na apunguze moto ili wimbi limpite badala ya yeye kulikimbiza.